Mechi ya Nyota wa Besiboli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mechi ya Nyota ni nini hasa?

Ni mechi moja inayochezwa kila mwaka katikati ya Julai, kwa kawaida siku ya Jumanne. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani ina timu 30 zilizogawanyika katika ligi mbili: Ligi ya Amerika na Ligi ya Taifa. Kila ligi hutoa kikosi cha wachezaji wake bora, na vikosi hivyo viwili vinapambana. Msimu wa kawaida una mechi 162 kwa kila timu, na watu hucheza karibu kila siku tangu mwishoni mwa Machi. Siku hizi chache za Julai ndizo mapumziko pekee ya maana kabla msimu haujaisha.

Matokeo yake hayaingii kwenye msimamo wa ligi. Hata hivyo watu wameitazama tangu 1933, na mengi ya maswali yanayofuata yanazunguka jambo hilo moja: kwa nini?

Sijui besiboli vizuri. Nijue nini kabla ya kuitazama?

Mambo machache tu. Kila upande una wachezaji 9 uwanjani na mechi ina raundi 9. Mtupaji anasimama mita 18.44 kutoka kwenye kibao cha nyumbani na kumtupia mpira mpigaji mwenye gongo. Mpigaji akipata straiki tatu, yaani mipira halali aliyoikosa au kuiacha ipite, ametoka, na wakitoka watatu upande unabadilishana. Akiupiga vizuri anakimbia vituo vitatu na kurudi nyumbani, na kila anayerudi ni pointi moja. Mpira ukipigwa ukavuka uzio wa nje bila kugusa ardhi ni homurani: mpigaji na wote waliokuwa vituoni wanarudi nyumbani kwa raha zao.

Mdakaji ni yule aliyechuchumaa nyuma ya kibao, amevaa kinga ya uso na kifua. Hayo yanatosha kwa usiku wa kwanza.

Wazo lilitoka kwa nani?

Kwa mwandishi wa habari. Mwaka 1933 mji wa Chicago ulikuwa unaandaa maonyesho makubwa ya dunia, yaliyopewa jina la Karne ya Maendeleo. Meya Edward Kelly alitaka tukio la michezo la kwenda sambamba na maonyesho hayo, na ombi likafika gazeti la Chicago Tribune, mezani kwa mhariri wa michezo Arch Ward. Ward akapendekeza kitu ambacho mashabiki walikuwa wakibishania vijiweni kwa miaka: wachukuliwe bora wa ligi hii na bora wa ligi ile, wakutane uwanja mmoja.

Wenye timu hawakulipokea kwa furaha. Huu ulikuwa wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, viwanja vilikuwa vitupu, na kusimamisha ligi kulimaanisha kupoteza siku za viingilio. Kulikuwa na hofu ya mvua pia, na ya nyota kuumia. Kilichowalainisha ni mambo matatu: gazeti lilikubali kubeba hasara kama ingetokea, mapato yangekwenda kwenye mfuko wa wachezaji wastaafu wenye shida, na ilisemwa kwamba ni mara moja tu. Hakuna aliyedhani anaanzisha desturi.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kura. Ward hakuwaachia makocha peke yao kuchagua. Magazeti kadhaa nchini yalichapisha karatasi za kura, mashabiki wakazikata na kuzituma. Kwa maoni yetu hapo ndipo ilipo siri ya mechi hii. Kabla hata mpira haujatupwa, mtu wa kawaida aliyekosa hata nauli ya kwenda Chicago alikuwa tayari ameshiriki.

Mechi ya kwanza ilikuwaje?

Ilichezwa Julai 6, 1933, kwenye uwanja wa Comiskey Park, mbele ya watu zaidi ya 47,000. Ligi ya Amerika iliongozwa na Connie Mack, Ligi ya Taifa na John McGraw, wazee wawili walioheshimika kuliko makocha wote wa zama zao.

Pointi ya kwanza ililetwa na Lefty Gomez wa Ligi ya Amerika, na hili lilichekesha watu kwa sababu Gomez alikuwa mtupaji, na kwa kupiga alikuwa dhaifu. Kisha katika raundi ya tatu, mwenzake Charlie Gehringer akiwa kituoni, akaingia Babe Ruth, mpigaji mashuhuri wa homurani. Ruth alikuwa na miaka 38, tumbo limeshatangulia na miguu imeanza kuchoka. Aliupiga mpira wa mtupaji Bill Hallahan, ikawa homurani ya pointi mbili, ya kwanza katika historia ya mechi hizi. Baadaye, katika raundi ya nane, aliukimbilia mpira wa Chick Hafey upande wa kulia na kuudaka. Ligi ya Amerika ikashinda 4 kwa 2, na mwaka uliofuata hakuna aliyekumbuka tena kwamba iliahidiwa kuwa mara moja.

Je, hakukuwa na mechi ya namna hii kabla ya 1933?

Ilikuwepo moja inayostahili kutajwa. Mtupaji wa Cleveland, Addie Joss, alifariki ghafla Aprili 1911 akiwa na miaka 31. Julai 24 mwaka huo, nyota wa timu nyingine za Ligi ya Amerika walikwenda Cleveland kucheza na timu yake, na takriban dola 13,000 zikapatikana kwa ajili ya mjane wake na watoto. Ilikuwa ni rambirambi, si shindano la ligi kwa ligi, lakini ilionyesha kwamba watu wangejaa uwanjani kuwaona mabingwa kwa pamoja.

Wachezaji Weusi walikuwa wapi?

Walikuwa na mechi yao, katika uwanja uleule, mwaka uleule. Ligi kuu iliwafungia milango hadi 1947, alipoingia Jackie Robinson. Kwa hiyo Septemba 10, 1933, Comiskey Park ikapokea Mechi ya Mashariki na Magharibi, iliyoongozwa na Gus Greenlee, mwenye timu ya Pittsburgh Crawfords. Kura zilipigwa kupitia magazeti ya Weusi kama Chicago Defender na Pittsburgh Courier. Magharibi walishinda 11 kwa 7. Mule Suttles akapiga homurani, na Willie Foster akatupa mechi nzima mwanzo hadi mwisho.

Tunaiandika hapa kwa urefu kwa sababu mara nyingi hutajwa kama tanbihi, wakati haikuwa tanbihi. Satchel Paige, Josh Gibson, Oscar Charleston na Cool Papa Bell walicheza huko. Familia zilisafiri kwa treni kutoka kusini zikiwa zimevaa nguo za Jumapili. Mwaka 1943 waliingia watu 51,723, na kuna miaka ambayo mechi hii ilijaza watu wengi kuliko ile ya ligi kuu. Ukisoma kwamba nyota wote wa besiboli walikuwa Chicago Julai 1933, ujue nusu ya ukweli ilikuja Septemba.

Mwaka 1949, Ebbets Field mjini New York, Robinson, Roy Campanella, Don Newcombe na Larry Doby wakawa Weusi wa kwanza kucheza Mechi ya Nyota ya ligi kuu.

Wachezaji wanachaguliwaje siku hizi?

Kila kikosi kina wachezaji 32: watupaji 12 na wengine 20. Mashabiki wanachagua wale wanaoanza, isipokuwa watupaji. Kura hupigwa mtandaoni kwa awamu mbili.

Awamu ya kwanza inaanza mwezi Juni, na unaruhusiwa kupiga kura hadi mara 5 kwa kila saa 24. Mwisho wa awamu, anayeongoza kwa kura nyingi kuliko wote katika kila ligi anapita moja kwa moja. Kwa nafasi nyingine wanabaki wawili wawili wa juu, na kwa walinzi wa nje, wale wanaosimama mbali karibu na uzio, ambao ni watatu, wanabaki sita. Awamu ya pili ni ya siku chache, na kura zinaanza upya kutoka sifuri. Hapo ndipo wengi hukosea: wanadhani mchezaji wao aliyeongoza nafasi yake katika awamu ya kwanza ameshaingia, wanakaa, kisha anapitwa.

Watupaji na wachezaji wa akiba wanachaguliwa kwa kura za wachezaji wenyewe na kwa uteuzi wa ofisi ya kamishna, yaani msimamizi mkuu wa ligi. Kocha mkuu wa kila upande ni yule aliyeipeleka timu yake fainali mwaka uliopita, na ndiye anayeamua mtupaji gani aanze.

Kwa nini kuna mchezaji wa timu mbovu na nyota wa timu kubwa ameachwa?

Kwa sababu ya kanuni kwamba kila timu kati ya 30 lazima iwe na angalau mchezaji mmoja. Malalamiko huja kila mwaka, bila kukosa. Sisi tunaitetea kanuni hii. Mtoto wa mji ambao timu yake imefungwa siku tatu mfululizo naye anastahili kuona jezi yake usiku huo. Isitoshe, nyota wengi walioachwa huingia baadaye, maana kila mwaka kuna wanaojitoa kwa majeraha, na mtupaji aliyecheza Jumapili iliyotangulia kwa kawaida hupumzishwa na nafasi yake kujazwa.

Je, kura zimewahi kuvurugwa?

Ndiyo, na mfano mkubwa ni wa 1957. Mashabiki wa Cincinnati walipiga kura kwa wingi hadi wachezaji 7 kati ya 8 walioongoza Ligi ya Taifa wakawa wa timu yao. Gazeti la mji lilikuwa limechapisha karatasi zilizokwisha kujazwa majina. Kazi ya msomaji ilikuwa kukata na kuposti. Asiye wa Cincinnati alikuwa Stan Musial peke yake. Kamishna Ford Frick aliwaondoa Gus Bell na Wally Post, akawaweka Willie Mays na Hank Aaron. Mashabiki wakanyang'anywa kura kuanzia 1958, na hawakurudishiwa hadi 1970.

Mwaka 2015 ilitaka kujirudia: wakati fulani wachezaji 8 wa Kansas City walikuwa mbele katika nafasi 9. Ligi ilifuta zaidi ya kura milioni 60 zilizotiliwa shaka, na mwisho walichaguliwa wanne.

Kuna miaka isiyokuwa na mechi?

Miwili. 1945, kwa sababu ya vizuizi vya usafiri wakati wa vita, na 2020, kwa sababu ya korona. Kwa upande mwingine, kuanzia 1959 hadi 1962 zilichezwa mbili kila mwaka ili kuongeza fedha kwenye mfuko wa pensheni ya wachezaji. Utamu ukapungua, wakarudi kwenye moja.

Ikiisha sare inakuwaje?

Swali hili lina historia chungu. Mwaka 2002, mjini Milwaukee, mechi ilifika raundi ya 11 ikiwa 7 kwa 7. Makocha Joe Torre na Bob Brenly walikuwa wametimiza desturi ya kumpa kila mchezaji nafasi, na kila upande ulibakiwa na mtupaji mmoja tu, naye ameshatupa vya kutosha. Kumlazimisha aendelee ni kuhatarisha mkono wa mtu anayelipwa na timu nyingine. Kamishna Bud Selig akaamua iishe sare, na uwanja mzima ukazomea.

Ili kuipa uzito, kuanzia 2003 hadi 2016 ligi iliyoshinda Mechi ya Nyota ilimpa bingwa wake faida ya nyumbani katika fainali, yaani mechi 4 kati ya 7 ikibidi. Lilikuwa kosa. Timu iliyokesha msimu mzima iliweza kupoteza faida hiyo kwa sababu ya mpira mmoja wa mtupaji wa akiba mwezi Julai. Ni vizuri walivyoiacha.

Sasa kanuni ni hii: ikiwa sare baada ya raundi 9, hakuna raundi ya 10. Kila kocha anataja wapigaji watatu, kila mmoja anapiga mara tatu dhidi ya mipira laini ya kocha wa mazoezi, na upande wenye homurani nyingi unashinda. Ilitumika kwa mara ya kwanza Julai 15, 2025, mjini Atlanta. Ligi ya Taifa ilikuwa mbele 6 kwa 0, ikarudishiwa zote na matokeo yakawa 6 kwa 6. Katika kupiga, Ligi ya Amerika ilipata homurani 3. Kyle Stowers wa Ligi ya Taifa akapata moja, kisha Kyle Schwarber akapiga mara tatu, na zote tatu zikavuka uzio. Ya mwisho aliipiga akiwa amepiga goti moja. 4 kwa 3, na Pete Alonso, aliyekuwa wa tatu kwenye foleni, hakuhitajika.

Wahafidhina hawakupenda. Ni kama kuamua kwa penalti. Lakini wachezaji wote walikuwa wamesimama nje ya vibanda wakirukaruka kama watoto, na hilo halikuwahi kuonekana mwaka 2002.

Kama haina pointi, kwa nini inavutia?

Jibu letu ni moja, na tunaliamini: besiboli ni mchezo wa timu uliojengwa juu ya pambano la watu wawili. Katika mpira wa kikapu, mechi ya nyota huharibika kwa sababu ulinzi ni hiari. Mtu akiamua kutokaba, hakuna mchezo. Katika besiboli, mtupaji akirusha mpira kwa kilomita 158 kwa saa, unafika kwenye kibao kwa takriban sehemu nne kati ya kumi za sekunde, na mpigaji hana namna ya kujifanya. Ama anaupiga, ama haupigi. Heshima yao iko hapo.

Chukua 1934, uwanja wa Polo Grounds. Carl Hubbell, mtupaji wa mkono wa kushoto wa Ligi ya Taifa, alianza vibaya: Gehringer akapiga na kufika kituoni, Heinie Manush akapewa kituo bure kwa kutupiwa mipira minne isiyo halali. Wawili vituoni, hakuna aliyetoka, na anayeingia ni Babe Ruth. Hubbell alikuwa na mpira wake maalumu, unaotupwa kwa kuukunja mkono ndani hadi kiganja kinatazama nje, nao hupinda kinyume na vile mpigaji anavyotegemea. Ruth akaangalia straiki ya tatu ikipita bila kuinua gongo. Lou Gehrig akafuata, akazungusha, akakosa. Jimmie Foxx, akakosa. Raundi ya pili, Al Simmons na Joe Cronin, nao vilevile. Watano mfululizo, na wote watano majina yao yako leo kwenye Jumba la Mashujaa la Cooperstown. Mkono wa Hubbell baadaye ulipinda kabisa kwa kutupa mpira ule miaka mingi, kiganja kikawa kinatazama nje hata akiwa amesimama tu.

Zamani kulikuwa na sababu ya pili: hadi 1996 timu za ligi hizi mbili hazikukutana isipokuwa kwenye fainali. Kumwona mtupaji fulani dhidi ya mpigaji fulani, ilikuwa Julai au basi. Tangu 1997 wanakutana ndani ya msimu, na leo timu zote 30 hukutana kila mwaka. Hilo limepunguza hamu, na watazamaji wa runinga wamepungua hadi karibu milioni 7 nchini Marekani. Hatuna haja ya kulificha.

Nyota hawaumii?

Wanaumia, na ndiyo hofu ya kila mwenye timu. Mwaka 1937 mpira wa Earl Averill ulimvunja Dizzy Dean kidole cha mguu. Dean alirudi uwanjani mapema mno, akabadili namna ya kutupa ili kukwepa maumivu, na mkono ukaharibika. Hakuwa tena yule wa zamani. Mwaka 1970, raundi ya 12, Pete Rose alimparamia mdakaji Ray Fosse kwenye kibao cha nyumbani ili afunge pointi ya ushindi, akamwumiza bega. Ndiyo maana leo mtupaji wa kawaida hutupa raundi moja tu na kupumzika.

Kuna nini kingine wiki hiyo?

Jumatatu, usiku wa kuamkia mechi, kuna shindano la homurani, lililoanza 1985 na kuwekewa saa mwaka 2015. Kwa mgeni wa mchezo ndilo rahisi kuliko yote kulifuata: hakuna kanuni ngumu, mpira unapaa, unahesabu. Mwaka 2008 Josh Hamilton alipiga 28 katika raundi moja kwenye Yankee Stadium, ingawa fainali alishindwa na Justin Morneau. Kuna pia mechi ya chipukizi, tangu 1999.

Huku kwetu inaonekana saa ngapi?

Kwa kawaida huanza saa mbili usiku ya New York, Jumanne. Nairobi, Dar es Salaam na Kampala ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumatano. Bujumbura, Kigali na Lubumbashi ni saa nane usiku. Muscat na Dubai ni saa kumi alfajiri. Utambulisho wa wachezaji huchukua muda, kwa hiyo usiogope ukichelewa robo saa. Mechi huchukua muda wa saa tatu hivi. Lakini ile ya 2008 ilikwenda raundi 15 na kuchukua saa 4 na dakika 50.

Kuna Mwafrika Mashariki aliyewahi kucheza?

Bado. Mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu alikuwa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mwaka 2017. Uganda iko karibu zaidi kwetu: watoto wa Lugazi walicheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika, na mwaka 2022 timu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili vijana wawili wa Uganda. Dar es Salaam nako besiboli inachezwa kwa msaada wa Wajapani, na uwanja uko Azania.

Nikitaka kutazama moja ya zamani, nianze na ipi?

Anza na 1999, Fenway Park, Boston. Usiyaruke yale ya kabla ya mechi. Ted Williams, gwiji wa zamani wa Boston mwenye miaka 80, aliingizwa kwa kigari, macho yamefifia, na nyota wa pande zote mbili wakamzunguka kama wajukuu. Mtangazaji aliwaomba warudi vibandani, wakagoma. Ulipofika wakati wa kutupa mpira wa ufunguzi, Tony Gwynn alimshika ili asiyumbe, naye akamrushia Carlton Fisk, mdakaji wa zamani wa Boston.

Kisha akapanda Pedro Martínez, mtupaji wa Boston yenyewe. Barry Larkin, Larry Walker, Sammy Sosa: straiki tatu kila mmoja. Mark McGwire, aliyekuwa amepiga homurani 70 msimu uliopita, akaanza raundi ya pili kwa kuzungusha hewa. Matt Williams akafika kituoni kwa kosa la mlinzi. Jeff Bagwell akakosa straiki ya tatu, na palepale mdakaji akamrushia mwenzake kwenye kituo cha pili, Matt Williams akashikwa akijaribu kuiba kituo, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa. Wapigaji sita, watano chini kwa straiki, na watu wa Boston wakiwa wima tangu mpira wa kwanza.